Jinsi ya kumchagulia na kumvisha punda viatu vya kwato

KATIKA barabara za changarawe zinazoingia mjini Kitale, na zile zitokazo mashambani kuelekea masoko ya Bungoma, punda ni mbeba mizigo asiye na likizo. Huvuta mikokoteni ya mahindi, mbolea, kuni, mchanga na mitungi ya maji, na kazi hiyo yote huifanya pekupeku.

Mnyama huyo anapoanza kuchechemea, hasara haimwangukii yeye peke yake. Mwenye mkokoteni hukosa ujira wa siku, mkulima huchelewa kufikisha mavuno sokoni, na nyumba iliyomtegemea kwa maji hurudia kuyabeba kichwani.

Viatu vya kwato ni mojawapo ya njia za kumkinga mnyama wa aina hiyo. Ni viatu vya mpira au plastiki ngumu ambavyo huvishwa na kuvuliwa bila kupigwa msumari hata mmoja. Vilibuniwa hasa kwa ajili ya farasi wasiotiwa viatu vya chuma, lakini punda pia anaweza kunufaika navyo endapo vitachaguliwa kwa makini.

Hata hivyo, kiatu kisichomtosha mnyama humwumiza kuliko changarawe yenyewe, na kiatu kilichovishwa juu ya ukwato uliotelekezwa huficha maradhi badala ya kuyatibu. Kwa sababu hiyo, kabla ya mfugaji kuuliza anunue kiatu gani, hana budi kuuliza ukwato wenyewe uko katika hali gani.

Thamani ya punda imepanda

Swali hilo lina uzito zaidi leo kuliko miaka 20 iliyopita. Sensa ya 2009 ilihesabu takriban punda milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya 2019 ilihesabu takriban milioni 1.2.

Kati ya sensa hizo mbili, kuanzia 2016, vilifunguliwa vichinjio vya punda, vikiwemo vya Mogotio katika Kaunti ya Baringo na Naivasha katika Kaunti ya Nakuru. Ngozi zilipelekwa China, ambako huchemshwa kutengeneza ejiao, dawa ya kienyeji inayothaminiwa sana huko. Mwaka wa 2019, utafiti wa shirika la KALRO ulionya kuwa punda walikuwa wakichinjwa kwa kasi kuliko walivyozaliana.

Mnamo Februari 2020, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Bw Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mahakama Kuu iliibatilisha marufuku hiyo mwaka uliofuata. Kisha Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika waliidhinisha jijini Addis Ababa marufuku ya miaka 15 dhidi ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi.

Kwa mwenye mkokoteni, maana ya matukio hayo ni rahisi kuelewa. Punda aliyelemaa si rahisi kumpatia mbadala, naye ndiye wa kwanza kushawishiwa kuuzwa kwa mnunuzi asiyejali atavuta nini kesho. Mashirika kama Brooke na KENDAT yamekuwa yakiwahimiza Wakenya kumtunza punda kama chombo cha riziki, na utunzaji huo huanzia chini, kwenye kwato.

Ukwato wa punda si wa farasi

Ukwato umeundwa kwa ukuta mgumu wa nje, ambao ni wa namna ya kucha za binadamu, na wayo unaoukingia mguu kwa chini. Nyuma ya wayo kuna sehemu laini yenye umbo la pembetatu, ambayo husaidia kupunguza mshtuko kila mguu unapotua. Juu ya visigino kuna vinundu viwili vya nyama, na hivyo ndivyo huchunwa kwanza na kiatu kibaya.

Ukuta huo haukomi kukua. Kwa kawaida huongezeka kati ya milimita 5 na 10 kwa mwezi, na huchukua karibu mwaka mzima ukwato kujijenga upya kutoka juu hadi kwenye ncha.

Farasi ana ukwato mpana unaokaribia umbo la duara, hasa katika miguu ya mbele. Wa punda ni mwembamba, umesimama wima zaidi, na umbo lake linakaribia herufi U. Mtu anayemnunulia punda kiatu cha farasi mdogo kwa kutazama urefu tu huishia na kiatu kinachocheza pembeni na kuzunguka mguuni.

Tofauti nyingine inatokana na asili. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka wa 2022 katika jarida la Science ulionyesha kuwa punda alifugwa kwa mara ya kwanza barani Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita. Mababu zake waliishi katika nchi kavu zenye mawe, ambako ukwato hujisaga wenyewe kwa mwendo mrefu wa kila siku.

Kitale na Bungoma si nchi kavu. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na eneo lote linaloteremka kutoka Mlima Elgon hadi Bungoma hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Ukwato wa punda hufyonza maji kwa urahisi. Ukishinda matopeni na kulala kwenye kinyesi, hulainika, hupasuka na kuwa makao ya vijidudu.

Ndiposa punda wa huku hukumbwa na matatizo mawili yanayoonekana kupingana. Msimu wa mvua, kwato zake hurefuka na kuoza kwa unyevu. Kiangazi kinapoingia kati ya Desemba na Februari, huzikanyagisha kwato hizo dhaifu kwenye changarawe kavu na lami yenye joto, wakati ambapo magunia ya mahindi ni mengi na safari ni nyingi.

Kiatu huanzia kwenye tupa

Hakuna kipimo cha kiatu kinachoweza kuaminika kabla ya ukwato kupunguzwa na kusawazishwa. Kwa punda, kazi hiyo hufanywa kila baada ya wiki 6 hadi 10. Kwa farasi, muda huo huwa mfupi zaidi, aghalabu wiki 4 hadi 8.

Chombo cha kazi ni kisu maalum cha kwato, koleo la kukatia na tupa. Panga si chombo cha kukatia kwato. Hukata pasipotakiwa, huacha ukuta ukiwa na nyufa, na kuteleza kwake mara moja kunaweza kumlemaza mnyama pamoja na anayemshika. Asiye na ujuzi amwite fundi aliyefunzwa au daktari wa mifugo.

Kabla ya fundi kufika, mfugaji anaweza kufanya uchunguzi mwepesi. Anainua mguu mmoja baada ya mwingine na kuuchokoa uchafu kuanzia kisigino kuelekea kwenye ncha. Kisha anaunusa. Harufu kali ya kuoza, pamoja na uchafu mweusi kando ya ile pembetatu, ni dalili ya maambukizi.

Anatazama pia mahali ambapo ukuta unakutana na wayo. Ikiwa pana mwanya unaojaa udongo au unga mweupe unaomeguka, ukuta umeanza kuachana na ndani. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inaufaa ukwato neno kwa neno, kwani ufa mdogo uliopuuzwa hupanda juu kila mnyama anapokanyaga.

Jambo la tatu ni joto na mapigo. Mkono ukiwekwa juu ya ukwato na kuhisi joto lisilo la kawaida, na mapigo ya damu yakawa yanadunda kwa nguvu nyuma ya kifundo, kuna uvimbe ndani. Punda anayeegemea nyuma ili kuipunguzia miguu ya mbele uzito anaweza kuwa na uvimbe wa tabaka linaloushikilia ukuta wa ukwato.

Ugonjwa huo una sababu moja ambayo nchi ya mahindi haiwezi kuipuuza. Punda aliyeingia ghalani usiku na kula nafaka nyingi kwa mpigo mmoja anaweza kuamka akiwa hawezi kutembea. Huyo hahitaji kiatu cha kazini, bali daktari siku hiyo hiyo, mapumziko na mahali laini pa kusimama.

Msumari au mti uliochoma wayo nao ni dharura. Si bure kwamba Kiswahili kiliuita ugonjwa wa pepopunda kwa jina la mnyama huyu, maana punda na farasi hushambuliwa nao kwa urahisi mno. Vijidudu vyake huishi udongoni na hupenya kupitia jeraha dogo lenye kina. Kuna chanjo, na ni vyema daktari aulizwe kuihusu kabla ya jeraha kutokea.

Ni nani anayehitaji viatu

Punda mwenye kwato ngumu, zilizosawazishwa, anayetembea kwenye vijia vya udongo na kulala pakavu, hahitaji kiatu. Kumvisha ni kumwongezea uzito na kumtafutia vidonda. Wengi wa punda wa vijijini wangetosheka na tupa kila baada ya miezi miwili na boma lisilo na tope.

Kiatu kina nafasi yake katika hali chache zinazojulikana. Ya kwanza ni mnyama anayesitasita kwenye changarawe ingawa kwenye nyasi hutembea vyema, jambo linaloonyesha kuwa wayo wake ni mwembamba. Ya pili ni farasi au punda aliyetolewa viatu vya chuma hivi karibuni, ambaye ukuta wa kwato zake bado una matundu ya misumari na unahitaji miezi kadhaa kukua upya.

Ya tatu ni anayesafiri masafa marefu kwenye lami au kokoto, kwa mfano mwenye kuvuta mkokoteni kila siku kandokando ya barabara kuu. Ya nne ni mgonjwa anayepata nafuu baada ya wayo kuchubuka au usaha kutolewa, ambaye daktari ametaka mguu wake ufunikwe kwa muda.

Kwa upande mwingine, zipo hali ambazo kiatu hakifai. Ukwato wenye maambukizi ya unyevu ukifungiwa kiatuni huoza zaidi. Kwenye tope zito la msimu wa mvua, kiatu hujaa, huvutwa na kuachwa njiani. Na punda anayechechemea kwa sababu isiyojulikana hapaswi kuvishwa kiatu ili amalizie safari.

Mara nyingi pia si lazima kununua viatu vinne. Miguu ya mbele ndiyo hubeba sehemu kubwa zaidi ya uzito wa mnyama, na kwa wengi jozi moja ya mbele hutosha.

Kupima bila kubahatisha

Viatu hivi si bidhaa ya kawaida katika maduka ya pembejeo ya Kitale au Bungoma. Aghalabu huagizwa kutoka mbali, na kurudisha kisichotosha ni gharama na usumbufu. Vipimo vyafaa kuchukuliwa kwa utulivu, siku ile ile kwato zilipopunguzwa au siku chache tu baadaye.

Kinachohitajika ni rula au utepe wa kupimia wenye milimita, kalamu, karatasi ngumu na mtu wa kumshika mnyama. Ukwato husafishwa kwanza, ukakaushwa.

Kipimo cha kwanza ni upana. Mguu huinuliwa, rula ikalazwa juu ya wayo na kupimwa kutoka ukingo mmoja wa ukuta hadi wa pili, mahali palipo papana kuliko pote. Kipimo cha pili ni urefu. Hupimwa kutoka kwenye ncha hadi mwisho wa kisigino kinachokanyaga chini, bila kuhesabu vinundu vya nyama vilivyo nyuma yake. Wengi hukosea hapa, wakavihesabu vinundu hivyo na kuagiza kiatu kirefu kupita kiasi.

Kila ukwato hupimwa peke yake na kuandikwa. Miguu ya mbele kwa kawaida ni mipana kuliko ya nyuma, na si ajabu mguu wa kulia ukatofautiana na wa kushoto kwa milimita kadhaa. Kuchora mzunguko wa ukwato kwenye karatasi ngumu husaidia kuonyesha umbo ambalo tarakimu pekee haziwezi kulieleza.

Chukua mfano wa punda ambaye ukwato wake wa mbele una upana wa milimita 80 na urefu wa milimita 98. Tofauti ya milimita 18 inaonyesha ukwato mwembamba. Katika jedwali la mtengenezaji, kiatu kilichokusudiwa ukwato wa duara chenye urefu wa milimita 98 kitakuwa na nafasi kubwa mno pembeni. Mwenye punda huyo atafute toleo jembamba, na kama halipo, asinunue kwa kutumaini kwamba kamba zitakaza.

Tarakimu zikiangukia kati ya saizi mbili, upana ndio huamua kwanza, kwa kuwa kiatu kinachobana pembeni huubana ukuta unaotakiwa kupanuka kidogo kila mguu unapokanyaga. Hata hivyo kubwa mno nako ni kosa. Nafasi ndogo inaweza kujazwa kwa kitambaa au sponji maalum ya ndani, lakini hakuna sponji itakayokinusuru kiatu kilichozidi kwa saizi mbili.

Kuchagua aina

Wazo lenyewe si geni duniani. Warumi wa kale walikuwa na kifaa cha chuma kilichofungwa chini ya ukwato kwa kamba, kabla ya viatu vya kupigiliwa misumari kuenea Ulaya katika Enzi za Kati. Viatu vya kisasa vya kuvisha na kuvua vilianza kujulikana Marekani katika miaka ya 1970 kupitia Easyboot. Baadaye zilikuja nyingine kama Cavallo ya Canada na Scoot Boot ya Australia.

Kwa jumla kuna makundi mawili. La kwanza ni viatu vya kazi, vyenye soli ngumu yenye meno ya kushika ardhi. La pili ni viatu vya tiba, vyenye soli nene na laini kwa mnyama anayepumzika au kutembezwa taratibu. Kiatu cha tiba kikivutishwa mkokoteni huraruka upesi, na cha kazi hakimpi mgonjwa ulaini anaohitaji.

Jambo la kuangalia baada ya saizi ni jinsi kiatu kinavyofungwa. Vifungo vya velkro ni vyepesi, lakini hujaa tope na majani hadi vikaacha kunata. Mikanda ya mpira yenye vishikizo huoshwa kwa urahisi na hustahimili matope. Penye vifungo vya chuma, yafaa kuhakikisha vinaweza kufunguliwa hata vikiwa vimejaa mchanga.

Kiatu kizuri kwa mazingira ya Magharibi mwa Kenya kiwe na matundu ya kutoa maji, kiwe chepesi, na kingo za juu ziwe laini. Meno ya soli yasiwe marefu kupita kiasi, kwani mnyama anayevuta mzigo akigeuka kwenye lami, soli inayong'ang'ania ardhi huipitishia nguvu hiyo viungo vya mguu.

Kuvisha na siku za mwanzo

Kiatu huvishwa kwa mara ya kwanza nyumbani, kwenye ardhi tambarare na kavu, bila mzigo wala mkokoteni. Ukwato huingizwa kwa ncha kwanza, kisha kisigino kikashushwa. Kikihitaji kupigwa nyundo ili kiingie, ni kidogo. Kikiingia kama ndoo, ni kikubwa.

Baada ya kufunga, ukwato unapaswa kukaa chini kabisa, ncha ikikaribia mbele ya kiatu bila kubanwa. Fundi hushika kiatu kwa mikono miwili na kujaribu kukizungusha. Kikitikisika kidogo si neno, lakini kikigeuka hadi upande wa mbele ukatazama pembeni, hakifai. Nyuma, kidole kipite kati ya ukingo wa kiatu na vile vinundu vya kisigino bila kung'ang'ania.

Kisha mnyama hutembezwa kwa kamba. Mwanzoni atainua miguu juu kuliko kawaida, kama mtu aliyekanyaga maji baridi, na hali hiyo huisha baada ya dakika chache. Asipozoea, au akijikwaa na kuanza kuchechemea, kiatu kivuliwe.

Siku ya kwanza, dakika 20 hadi 30 zinatosha. Kiatu kikivuliwa, ngozi juu ya ukwato na visigino hukaguliwa. Nywele zilizosuguliwa, wekundu, joto au unyevu ni onyo. Muda huongezwa kidogo kidogo siku zinazofuata, na mzigo huja mwisho, ukianza na mkokoteni mtupu.

Katika safari ya kwanza ya kazi, mwenye punda asimame baada ya mwendo mfupi akague vifungo. Mchanga na kokoto zinazoingia kiatuni huchuna kama msasa, kwa hivyo kila anapopumzika ni vyema kutazama. Jioni viatu vyote huvuliwa, vikaoshwa na kuanikwa kivulini, na kwato huachwa zipate hewa usiku kucha.

Kwa kuwa ukwato unakua, kiatu kilichotosha leo kinaweza kubana baada ya wiki sita. Ukuta ulioongezeka sentimita moja husukuma ncha mbele na kubadilisha jinsi mguu unavyokaa ndani. Mfugaji asiyeweza kugharimia kupunguza kwato mara kwa mara hataweza pia kufaidi viatu, hata akipewa bure.

Mafundi wa akala na kinga ya muda

Pale ambapo kiatu cha kununua hakipatikani, huenda mfugaji akamfikiria fundi wa akala. Fundi anayeweza kukata tairi likamtosha binadamu anaweza kweli kushona kifuniko cha ukwato, lakini kuna mipaka ya kuzingatia. Kifuniko cha tairi hakina ulaini ndani na kingo zake hukata, tena nyaya zilizo ndani ya baadhi ya matairi huchomoza. Kisipigiliwe misumari kwenye ukwato kamwe.

Kwa mnyama aliyetolewa usaha, bandeji ya kawaida hutosha kwa siku chache. Pamba safi huwekwa kwenye wayo, ikafungwa kwa kitambaa, kisha kipande cha gunia au turubai kikazungushwa nje ili kuzuia uchafu. Kamba isikazwe juu ya ukwato, kwani huzuia damu. Bandeji hubadilishwa kila siku, na mnyama hubaki mahali pakavu bila kazi.

Kinga hiyo ni ya kusubiri uponyaji na haikusudiwi barabara. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inafanya kuwa kosa kumpakia mnyama mzigo uliopita kiasi au kumfanyisha kazi akiwa hafai kwa sababu ya ugonjwa au jeraha. Kiatu hakimwondolei mwenye punda wajibu huo.

Hesabu ya mwaka mzima

Mwenye punda anayepanga matumizi yake anaweza kuanza na kalenda. Mwaka una wiki 52, na akizipunguza kwato kila baada ya wiki nane, atamhitaji fundi mara sita au saba. Majirani wenye punda watano au sita wakimwita siku moja, gharama ya safari hugawanywa.

Baada ya hapo huja boma. Sakafu iliyoinuliwa kidogo, yenye mteremko wa kutoa maji na matandiko makavu, huzipa kwato saa kadhaa za kukauka kila usiku hata Julai mvua ikiwa nyingi. Mifereji midogo na ardhi iliyoshindiliwa vyatosha, bila kuhitaji saruji.

Kisha huja ukaguzi wa kila jioni: kuinua miguu minne na kuchokoa uchafu ni kazi ya dakika tano. Ni wakati huo ambapo jiwe lililokwama hugunduliwa kabla halijawa jipu, na msumari kabla haujaleta pepopunda.

Viatu huja baada ya hayo yote, kwa yule ambaye safari zake kwenye changarawe na lami zimezidi nguvu za kwato zilizotunzwa vizuri. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Atakayeinua miguu ya punda wake kila jioni huenda akapokea asante hiyo mara moja au mbili, lakini kesho yake asubuhi mkokoteni utaondoka.